Nyuzi Hulegezwa Mgeni Akija

Waipio, Hawaii
9 Septemba 1929

Kwa kaka yangu Nahinu, uliyeko Kalaupapa,

Pokea salamu kutoka bondeni kwetu. Baada ya salamu nakuuliza hali, ingawa najua swali hilo kwako lina miiba. Makaio aliniandikia mwezi wa sita kwamba macho yako yamezidi kufifia na vidole vya mkono wa kushoto vimejikunja kabisa, ila ukali wako uko palepale, na unamgombeza kila anapokosea kuandika. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikaenda kupalilia. Mimi mwilini sijambo. Majimbi yamestawi, maji ya mfereji yanatosha, na yule nyumbu wa Baba bado yu hai na bado ana wazimu wake.

Nakusalimu na wewe, Makaio, unayemsomea kaka yangu. Hatujaonana, lakini kwa miaka miwili sasa kila neno lake limenifikia kwa mkono wako. Leo nakuomba jambo moja. Soma barua hii yote. Ukifika mahali pagumu usiruke, wala usilainishe. Najua una huruma, maana huwa unaongeza salamu ambazo Nahinu hawezi kuzisema hata kwa kushikiwa panga. Huruma hiyo leo iweke kando.

Kaka, Baba ametutoka. Alifariki Jumanne, tarehe ishirini na saba Agosti, asubuhi, baada ya kunywa maji vijiko viwili. Tulimzika kando ya Mama. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea, wengine walishuka genge wakati mvua inanyesha, na mashada ya maua yalikuwa mengi hata kaburi halikuonekana. Hata Mzee Kaluna alikuja. Najua hapo umekunja uso. Ngoja kwanza.

Najua pia swali lako. Tangu Baba apigwe na kiharusi mwaka jana, umekuwa ukiuliza jambo moja tu katika kila barua: je, atausikia wimbo wetu kabla hajafa? Jibu ni kwamba aliusikia. Laiti ningeweza kuishia hapo, nikatia sahihi yangu, nikabaki dada mwema. Lakini niache nieleze kwa mpango, maana Makaio naye ni lazima aelewe anachosoma.

Makaio, sijui kwenu ilikuwaje. Kwetu sisi, nyuzi za gitaa hulegezwa kwa namna ambayo nyumba nyingine haiijui, na wimbo wetu hauwezi kupigwa ila zikiwa zimelegezwa hivyo. Babu alimwachia Baba, na Baba alimwachia Nahinu, mtoto wake wa kwanza. Mgeni akipanda ngazi tu, Baba alikuwa anazungusha visikio vyote vya gitaa, nyuzi zote zinalegea, ndipo analiweka chini na kumkaribisha mtu poi, ugali wetu wa majimbi. Mgeni angelichukua gitaa lile angepata matope matupu. Hata mchungaji hakuwahi kuusikia ule wimbo. Na mimi, binti wa nyumba ile, nilikuwa natumwa kuni wao wanapoanza. Niliwahi kumwuliza Baba kwa nini. Hakunikaripia. Alisema wimbo ni wa mtoto wa kwanza, na mimi sikuwa wa kwanza, basi.

Kiharusi kilipomchukua upande wa kulia, na ulimi nao, akabaki na mkono wa kushoto na macho. Kila siku alikuwa anaunyosha mkono ule kuelekea ukutani lilipotundikwa gitaa. Nikimletea, analipapasa, ananitazama, machozi yanamtoka. Nikijaribu kupiga kwa jinsi watu wote wanavyopiga, anafumba macho anageukia ukuta. Wimbo nilikuwa naujua. Usiniulize niliujuaje, nitafika huko. Vidole vyangu vilijua pa kwenda, ila nyuzi hazikuwa zimelegezwa inavyotakiwa, basi kila nilipogusa palitoka kitu kingine. Ndipo nilipokuandikia nikakuomba.

Nilidhani utakataa. Barua yako ikaja ikinuka zile dawa wanazofukizia barua zenu kabla hazijatoka, na nilipoisoma nilidhani umerukwa na akili. Hukutaja hata sauti moja kwa jina lake. Ulisema barua zenu hufunguliwa na watu, na wimbo wa Babu hautaibwa na karani. Basi ukaniandikia hivi: uzi wa nne ulegeze mpaka ulie kama kengele ya kanisa letu. Wa kwanza, ule mwembamba, ni mtoto wa kengele hiyohiyo. Wa tatu ni Mama akiwaita kuku. Wa tano ni Mama huyohuyo angekuwa na kifua cha mwanamume. Wa pili ni lango la Kaluna linapofunguliwa. Na wa sita, ule mnene, ni Baba akimalizia Amina kanisani. Nilicheka peke yangu jikoni. Loo, kaka yangu, ulikuwa na akili! Mtu wa nje angeisoma barua ile miaka kumi asiambulie kitu.

Lakini kuelewa si kuweza. Sikujua hata kisikio kinazungushwa upande gani. Siku ya kwanza nilidhani nalegeza uzi mwembamba, kumbe nakaza, nikakaza, nikakaza, ukakatika ukanichapa shavuni. Nilipiga ukelele hata nyumbu akakata kamba. Maumivu yale yalinikumbusha jambo, nikakaa chini sakafuni muda mrefu, shavu likivuja damu, na Baba akinitazama kutoka kitandani.

Nilikusimulia hayo, ukanicheka. Ukajibu kwamba nakaza gitaa kama ninayefunga tandiko. Ukanifundisha kwamba uzi ukiuteremsha, upitilize kidogo chini halafu uurudishe juu taratibu, kwa sababu uzi ulioteremshwa tu bila kurudishwa huendelea kuteremka wenyewe, na baada ya mstari mmoja wa wimbo umeshaharibika. Hilo peke yake lilinichukua mwezi. Ukaniambia nisikilize pale nyuzi mbili zinapokaribia kupatana, kwamba sauti hutetemeka, na mtetemeko hupungua, hupungua, halafu hutulia, hapo acha, usiguse tena. Wiki kadhaa sikusikia mtetemeko wowote, nikasema moyoni kaka ananidanganya. Siku moja nikausikia. Nilikuwa na kengele ya Jumapili kichwani, nauteremsha uzi wa nne, ukatetemeka kama maji kwenye ndoo, halafu ukatulia kabisa. Nilipaza sauti, Baba, umesikia? Baba akaitikia kwa kichwa. Sikuwahi kumfurahisha mtu yule namna ile maishani mwangu.

Kuku walinipa uzi wa tatu na wa tano, maana nawaita kama Mama alivyowaita, majirani wote husema. Ukabaki wa pili, na wa pili ni lango la Mzee Kaluna.

Kaka, kwa miaka saba hakuna mtu wa nyumba yetu aliyepita pale. Ulipochukuliwa kwenda kufungiwa Kalaupapa na wagonjwa wenzako, ulipaza jina lake njia nzima ya genge. Ulisema ndiye aliyekuchongea kwa sababu ya ugomvi wa maji, maana wiki ileile alionekana akizungumza na muuguzi wa serikali. Bonde zima lilikusikia, na bonde zima lilikuamini. Watu waliacha kumsaidia siku za kuvuna. Mkewe alipokufa waliokwenda kuzika walihesabika kwa vidole. Na wewe kila barua unauliza, Kaluna bado hajafa tu? Uliandika mara moja, kikulacho ki nguoni mwako. Nilisoma mstari ule nikaukunja.

Nilikwenda asubuhi, nikidhani yuko shambani. Nikafungua lango, likalia. Nikafunga, nikafungua tena, huku nauimba mlio ule mdomoni nisije nikaupoteza njiani. Kumbe mzee amesimama kibarazani ananitazama. Akauliza, wewe mtoto wa Kapahu, lango limekukosea nini? Aibu ilinishika, nikamwambia ukweli nusu, kwamba kaka anataka kukumbuka sauti yake. Hakunifukuza. Alishuka, na magoti yake yale mabovu, akanifungulia lango yeye mwenyewe, akafunga, akafungua, hata mara kumi, akiuliza imeingia? Imeingia? Kisha akaniambia kwamba mkewe alimsumbua miaka yote alitie mafuta, naye akakataa, kwa sababu Nahinu alipokuwa mdogo alikuwa anabembea juu yake akiimba pamoja nalo. Akanipa samaki mkavu nimpelekee Baba. Nilipogeuka kuondoka akasema, mwambie kaka yako sikusema neno. Miaka saba nangoja mtu wa kwenu aje nimwambie hivyo.

Nilirudi na mlio wa lango mdomoni na samaki mkononi, na nilitamani ardhi inimeze.

Uzi wa sita ulinishinda. Amina ya Baba nilishaisahau, na Baba mwenyewe hakuwa na sauti. Niliketi kando ya kitanda nikamsihi ajaribu, akafungua mdomo, pakatoka pumzi tu. Nikaacha siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa nateremsha uzi ule mnene ovyoovyo, kukiwa na kijiti cha nyasi kavu kimeanguka juu ya uzi wa nne. Mara kijiti kikaruka. Nikakirudisha, nikaupiga tena ule mnene, kikaruka tena. Nikauteremsha kidogo zaidi, kikatulia. Nikaurudisha juu, kikaruka. Ndipo nilipoelewa kwamba Amina ya Baba na kengele ya kanisa ni sauti moja, ya chini na ya juu, na mzee yule miaka yote alikuwa anaitikia kengele bila mtu kujua. Baba aliposikia uzi ule akaweka mkono kifuani.

Basi nikapiga. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, tarehe ishirini na mbili, madirisha yote wazi. Sikupiga vizuri kama wewe. Nilikosea mara mbili katikati. Lakini ulikuwa ndio wenyewe, kaka, wimbo wa Babu, kutoka mwanzo hadi mwisho, na Baba alilia waziwazi, hata mimi nikashindwa kuona nyuzi.

Nilipomaliza alinyosha mkono wa kushoto. Nikadhani anataka kulishika gitaa, nikamsogezea. Akashika kisikio cha uzi wa kwanza, akakizungusha. Halafu cha pili. Akapumzika, akaendelea, cha tatu, cha nne, cha tano, cha sita, mpaka nyuzi zote zikalala juu ya ubao. Kisha akanitazama machoni, sana, bila hasira. Chumbani hapakuwa na mtu mwingine. Siku tano baadaye alifariki, na gitaa hakuliomba tena.

Makaio, hapa ndipo nilipokwambia usiruke.

Nahinu, si Kaluna. Ni mimi.

Ilikuwa mwezi wa tano mwaka wa ishirini na mbili, nami nina miaka kumi na sita. Kila mlipoanza kupiga nikitumwa kuni, nilikuwa nazunguka nyuma naingia chini ya nyumba, kati ya nguzo, nasikiliza kupitia nyufa za mbao. Ndiko nilikojifunzia wimbo. Siku hiyo Baba alikuwa anakufundisha hilohilo la kuurudisha uzi, na uzi ukakatika. Niliona kwenye ufa damu inakutoka kifundo cha mkono wa kushoto, nyingi, na tone moja likapita ubaoni likaniangukia mkononi. Na wewe unacheka! Unamtania Baba kwamba waya zake ni za enzi za mfalme. Hukuwa umesikia kitu. Baba ndiye aliyekwambia, mwanangu, unatoka damu. Kisha Baba akasema polepole kwamba jambo hili lisitoke ndani ya nyumba hii.

Kila mtu hapa anajua maana ya mkono usiosikia maumivu: ni ukoma. Na mimi nilijua. Muuguzi wa serikali alipokuja kanisani kukagua watoto wiki iliyofuata, nilimfuata alikofunga farasi, nikamwambia akatazame kovu kwenye mkono wa kushoto wa kaka yangu, alichome sindano. Kaluna alikuwa amemwuliza dawa ya magoti tu.

Nimejiambia miaka saba kwamba nilidhani watakupeleka Honolulu miezi mitatu, wakupake dawa urudi. Ni uongo. Nilijua anakopelekwa mtu mwenye ugonjwa unaotenganisha, na kwamba harudi. Sikutaka ufe. Nilitaka uondoke, ili Baba abaki na mtoto mmoja na wimbo, akose wa kumpa ila mimi. Ndiyo sababu yenyewe, haina nyingine, na sina ya kuipamba. Ulipokuwa unamlaani Kaluna kule gengeni, mimi ndiye niliyekubebea furushi lako la nguo. Nilikuwa nyuma yako hatua mbili.

Baba hakunipa wimbo. Siku ileile uliyochukuliwa, aliingia chini ya nyumba kutafuta jembe, akatoka na kitana changu cha mfupa. Alikiweka juu ya mkeka wangu, akaenda zake shambani. Nikajidanganya kwamba amekiokota uani. Tuliishi naye miaka saba, nikampikia, nikamfulia, na mwaka huu wa mwisho nikamgeuza kitandani kama mtoto, naye akanipa kila kitu ambacho baba humpa binti, ila gitaa alikuwa analilegeza kila nilipoingia ndani. Nilijifanya sioni. Kumbe alikuwa ananiambia kila siku.

Juzi nilikwenda kwa Mzee Kaluna nikamwambia haya yote, kibarazani kwake, nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakutukana. Aliniuliza jambo moja tu, kama nilikuwa najua hivi siku alipokuwa ananifungulia lango mara kumi. Nikasema ndiyo. Akainuka akaingia ndani. Leo asubuhi nimepita pale nikakuta bawaba za lango zinang'aa mafuta. Nimelisukuma, limefunguka kimya. Basi sauti ya uzi wa pili sasa iko kichwani mwako, na kwangu itafifia kama ilivyofifia Amina.

Jumapili nitasimama kanisani nimsafishe Kaluna mbele ya watu. Wakiniacha nivune peke yangu kama walivyomwacha yeye, sawa.

Gitaa linakuja kwa meli hii, pamoja na barua. Nimelifunga kwa blanketi la Baba. Najua vidole vyako haviwezi tena, lakini masikio yako ni mazima, na Makaio ana mikono. Mfundishe yeye. Mwambie lini kengele imefika, lini lango limelia. Usijali kwamba si wa damu yetu. Amekusomea barua hii mpaka hapa, naamini bila kuruka, na hilo ni undugu kuliko wote niliowahi kukuonyesha. Sikuombi unisamehe. Ukitaka kunijibu nitafurahi hata kwa matusi, na usipotaka nitaelewa.

Nisalimie wote walio pamoja nawe huko, na waimbaji wa kanisa lenu. Nyumbu anakusalimu, kwa mateke. Makaburi ya Mama na Baba nitayapalilia maadamu nina mikono. Mungu akulinde, kaka, kwa kuwa mimi sikukulinda.

Ukifungua blanketi utakuta nyuzi zote sita zimelala ubaoni. Meli haina kosa, wala hakuna mtu aliyeligusa njiani. Nimezilegeza mwenyewe leo asubuhi kabla ya kulifunga, kama Baba alivyotufundisha, kwa sababu ndani ya nyumba palikuwa na mgeni.

Ni mimi niliyezaliwa baada yako,
Haliaka